Pochi ya Ngozi: Historia Kidogo Kabla Hujatoa Pesa

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya tarakilishi, programu na simu, kwa hivyo mtashangaa kukuta leo kichwa kinachotaja ngozi. Vumilieni kidogo, mtaona inakoelekea.

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: pochi nzuri ya ngozi huijua vipi? Mmoja anataka kumnunulia babake zawadi, mwingine pochi yake imeanza kubambuka kama ukuta uliopakwa rangi mbaya, na wa tatu ni ndugu yangu mdogo aliyepata kazi juzi na sasa anataka kuonekana mtu mzima. Sijui kwa nini wananiuliza mimi. Nadhani watu huamini kwamba aliyesomea sayansi ya tarakilishi anajua kila kitu chenye vipimo.

Basi nimeamua kujibu kwa njia ninayoijua. Katika kazi yetu, ukikuta programu ya zamani yenye umbo la ajabu, husomi msimbo peke yake. Unasoma pia historia ya mabadiliko yake: nani aliongeza sehemu hii, mwaka gani, na alikuwa akitatua tatizo gani. Pochi nayo ni hivyo hivyo. Kila sehemu yake iliwekwa kwa sababu kuna mtu fulani, serikali, benki au kiwanda, aliyedai kitu. Ukijua nani alidai nini, utajua unacholipia.

KABLA YA POCHI KULIKUWA NA KIBINDO

Mwaka 1991 wapanda milima wawili waliokuwa kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, walikuta maiti ya mtu aliyeganda kwenye barafu. Wataalamu walikadiria kwamba alikufa takriban miaka 5,300 iliyopita, wakampa jina Ötzi. Kiunoni alikuwa na mshipi wa ngozi ya ndama ulioshonewa kifuko, na ndani yake mlikuwa na vifaa vidogo vya gumegume, sindano ya mfupa na kuvu la kuwashia moto. Kwa hivyo wazo la kubeba vitu vyako muhimu ndani ya ngozi ni la kale kuliko fedha yenyewe.

Huku kwetu pwani watu walikuwa na ufumbuzi usiohitaji hata fundi. Mwanamume akivaa kikoi hukunja ukingo wake kiunoni, na mkunjo huo ndio kibindo. Pesa, ufunguo, tambuu, vyote vilifutikwa kibindoni. Wanawake nao wakafunga sarafu kwenye pindo la leso kwa fundo gumu. Nyanya yangu hadi leo hulipa nauli ya matatu kwa kufungua fundo hilo polepole huku kondakta akihema. Mnaweza kucheka, lakini sijawahi kusikia kwamba ameibiwa.

Enzi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, na mtu angeweza kuzitunga kwenye kamba kama shanga. Sarafu haihitaji pochi bapa. Inahitaji mfuko, fundo au kamba.

KARATASI IKAJA

Kilichobadilisha mambo ni karatasi. Katika jimbo la Sichuan nchini China watu walitumia sarafu za chuma, na chuma kina uzito mwingi kwa thamani ndogo. Wafanyabiashara wakaanza kuziweka mahali na kupeana stakabadhi, na mwaka 1024 serikali ikaichukua kazi hiyo na kutoa noti zake yenyewe. Ulaya ilichelewa sana: benki ya Stockholms Banco ya Sweden ilitoa noti mwaka 1661. Ng'ambo ya bahari, koloni la Massachusetts likatoa zake mwaka 1690.

Karatasi ina tabia tofauti na sarafu. Haipendi maji, haipendi jasho, na ukiikunja ovyo inachanika kwenye mikunjo. Inataka kulala bapa kati ya kuta mbili. Hapo ndipo mfuko wa kamba ulipoanza kugeuka kuwa kitu kinachofunguka kama kitabu. Neno lenyewe pochi tumelitoa kwenye Kiingereza, na kwao lilimaanisha kifuko cha aina yoyote. Sisi tukalibakiza kwa hiki kinachokunjwa.

Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza mwaka 1966. Mwaka 2019 zikaja noti mpya, na noti za zamani za shilingi 1,000 zikakoma kuwa fedha halali mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Ngozi nzuri inaweza kuilinda noti isichanike. Haiwezi kuilinda na tangazo la serikali.

KIPANDE: POCHI USIYOICHAGUA

Sasa nifike mahali ambapo historia hii inatuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Ukimuuliza mtu pochi ni ya nini, atajibu "pesa". Lakini angalia yako. Kitu usichothubutu kukisahau nyumbani ni kitambulisho. Pesa unaweza kukopa kwa rafiki, kitambulisho hukopi.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikachelewesha utekelezaji, na usajili ukaanza kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na karatasi iliyoitwa kipande. Ilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, na historia yake ya kazi: alimfanyia nani, kwa mshahara gani, na saini ya mwajiri ya kumruhusu aondoke. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, na kikasha kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Nikiitazama kwa jicho la mwandishi wa programu, naona mfumo uliopangwa kwa akili nyingi na ubaya mwingi. Nakala moja ya rekodi ilikuwa kwenye ofisi kuu Nairobi pamoja na alama za vidole. Nakala nyingine ilitembea nchini ikiwa shingoni mwa mtu. Mwajiri ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuandika. Mwenye rekodi hakuwa na ruhusa yoyote isipokuwa kuibeba. Kama mwajiri hakutia saini ya kumwachilia, mtu huyo alihesabika kuwa ametoroka kazini, na angeweza kutafutwa na kushtakiwa. Mtu aliyetaka kudai mshahara bora alijua kwamba anayemdai ndiye mwenye kalamu.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika idara ya Hazina mjini Nairobi, aliongoza chama cha East African Association kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawahimiza wanaume wasirudi nyuma, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Kipande kiliendelea hadi sheria mpya ya mwaka 1947 ilipoleta usajili wa watu wa rangi zote. Wanawake wao waliingizwa kwenye sheria ya usajili mwaka 1978.

Na kuna jambo moja ambalo hunirudia kila nikienda kununua ngozi. Soko mashuhuri la bidhaa za ngozi jijini Nairobi, wanakotengeneza viatu, mishipi na mikoba, ni Kariokor. Jina hilo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Waliorudi wakiwa hai walikuta sheria ya kipande ikiwasubiri. Leo kwenye ardhi yenye jina lao tunajadiliana bei ya kitu cha kuwekea vitambulisho.

MKASA WA LOCKPORT

Sasa niwape kisa cha pochi ambacho kingepaswa kufundishwa kwenye kila darasa la programu.

Marekani ilianza kutoa namba za hifadhi ya jamii mwaka 1936. Kila mfanyakazi alipata kadi ndogo ya karatasi yenye namba yake. Mwaka 1938 kampuni ya E. H. Ferree ya mji wa Lockport, jimbo la New York, ilitengeneza pochi zenye nafasi ya kuwekea kadi hiyo. Ili mnunuzi aone jinsi kadi inavyotoshea, waliweka kadi ya mfano ndani ya kila pochi. Makamu wa rais wa kampuni, Douglas Patterson, akaona ni vyema kutumia namba halisi ya katibu wake, Bi. Hilda Schrader Whitcher. Namba ilikuwa 078-05-1120.

Kadi ya mfano ilikuwa nusu ya ukubwa wa kadi ya kweli, ilichapwa kwa rangi nyekundu, na ilikuwa na neno la kuonyesha kwamba ni sampuli. Pochi ziliuzwa katika maduka ya Woolworth na mengineyo kote nchini. Mnadhani ilikuwaje? Wanunuzi wakaona namba, wakadhani ndiyo yao, wakaanza kuitumia kazini. Mwaka 1943 pekee, watu 5,755 walikuwa wakitumia namba ya Hilda. Jumla, kwa miaka yote, zaidi ya watu 40,000 waliitaja kuwa yao. Serikali ikaifuta, ikampa Hilda namba mpya. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hata wapelelezi wa FBI walibisha hodi kwake kumuuliza habari za namba hiyo. Na mwaka 1977 bado kulikuwa na watu 12 walioendelea kuitumia.

Mnaoandika programu mtakuwa mmetabasamu, kwa sababu huu ni ugonjwa wetu: kutumia data ya mtu halisi kama data ya majaribio, kisha data hiyo ikatoka nje ya maabara na kuanza kuishi maisha yake. Nimewahi kuona fomu kwenye tovuti, mwenyewe simtaji, ambapo mfano wa "jaza namba ya kitambulisho hapa" ulikuwa namba ya mtu aliye hai. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Lakini hata kabla ya sheria, Hilda alikuwa ametufundisha miaka mingi nyuma kwamba mtumiaji hasomi maandishi ya tahadhari. Anaona namba, anaijaza.

KWA NINI NAFASI ZA KADI ZINA UKUBWA ULE

Mwaka 1950 Diners Club ilianza New York na kadi za karatasi ngumu. Mwaka 1958 Bank of America ikawatumia watu 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Mwaka uliofuata American Express ikaleta kadi ya plastiki. Miaka ya sitini mhandisi wa IBM aitwaye Forrest Parry alitaka kubandika utepe wa sumaku kwenye kadi na gundi ikamshinda. IBM husimulia kwamba mkewe alikuwa akipiga nguo pasi, akamshauri atumie pasi. Joto likafanya kazi ambayo gundi ilishindwa.

Hatimaye vipimo vya kadi vikaandikwa kwenye kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 7810: milimita 85.60 kwa 53.98, unene milimita 0.76. Chukua rula upime kadi yako ya benki usiku huu. Mfaransa Roland Moreno aliomba hataza ya kadi yenye chipu mwaka 1974, na chipu hiyo ikaja kuingia ndani ya plastiki ileile, kwa vipimo vilevile. Teknolojia ilibadilika mara tatu na umbo halikuguswa, kwa sababu mashine zote na pochi zote duniani zilikuwa zimeshalizoea. Ndiyo maana pochi ya mwaka 1990 bado inapokea kadi ya leo.

Faida kwako mnunuzi ni hii: pochi ambayo kadi haiingii vizuri haina kisingizio. Kipimo kinajulikana. Nenda dukani na kadi zako mwenyewe, uziweke zote, ukunje pochi, uone kama inafunga. Ngozi halisi italegea kidogo baada ya wiki kadhaa, kwa hivyo mwanzo ukibana kidogo si kasoro. Ukilegea siku ya kwanza, baada ya mwaka kadi zitaanguka.

Na zile pochi zinazotangazwa kuzuia mawimbi ya wezi? Kadi za kugusisha hutumia masafa ya 13.56 MHz na husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu. Kila malipo ya chipu hutengeneza msimbo wake wa mara moja. Utando ule wa kuzuia mawimbi kwa kawaida ni foili nyembamba. Ukiipata bila nyongeza ya bei, sawa. Usiilipie kama kwamba ni kufuli ya benki.

MAGOME NA KROMIAMU

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe. Ngozi mbichi ikikaa itaoza, na ikikauka itakuwa ngumu kama ubao. Kudabaghi ni kuifanya isioze na ibaki laini. Kwa karne nyingi kazi hii ilifanywa kwa magome ya miti yenye tanini. Ngozi ililowekwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke, kisha ikazamishwa mashimoni na magome kwa miezi, nyingine zaidi ya mwaka.

Kenya ina sehemu yake hapa. Mojawapo ya miti bora kwa tanini ni ule ambao watu wa eneo la Kati huuita muthanduku, kitaalamu Acacia mearnsii, mti uliotoka Australia. Wakulima wadogo waliupanda na kuuza magome. Eldoret kulikuwa na kampuni ya East African Tanning Extract iliyokamua tanini kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya ng'ambo. Inawezekana kabisa kwamba mkoba wa tajiri fulani wa Ulaya uliiva kwa magome ya shamba la mkulima wa huku kwetu.

Kisha kemia ikaingia. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Knapp alieleza jinsi chumvi za kromiamu zinavyoweza kudabaghi. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York akapata hataza ya mbinu ya hatua mbili, na mwaka 1893 Martin Dennis akaipunguza kuwa hatua moja. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku moja au mbili. Leo sehemu kubwa ya ngozi duniani hudabaghiwa kwa kromiamu. Ikitoka kwenye pipa huwa na rangi ya samawati, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngozi ya Kenya imesafirishwa nje katika hali hiyo ya samawati, haijakamilishwa. Ikaenda kupewa thamani kwingine, na nyingine ikaturudia ikiwa pochi ya bei kubwa.

Ipi ni bora? Inategemea unataka nini. Ngozi ya kromiamu ni laini tangu siku ya kwanza, haiogopi maji sana, na rangi yake haibadiliki. Ngozi ya magome huanza ikiwa ngumu, tone la maji huacha alama, lakini kadiri unavyoishika ndivyo inavyokolea rangi na kuchukua umbo lako. Wa kwanza anataka kitu kinachobaki kama kilivyo, wa pili anataka kitu kinachozeeka naye. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri, na zote mbili zinaweza kutengenezwa vibaya. Jambo moja tu: viwanda vinavyotumia kromiamu visiposafisha maji yake, mto ulio karibu ndio unaolipa. Ukipata fundi anayejua ngozi yake imetoka kiwanda gani, huyo ana thamani.

SAFU ZA NGOZI

Hapa ndipo wengi huibiwa, basi someni polepole. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na nyuzi zake hazifanani. Juu, palipokuwa na manyoya, nyuzi ni ndogo na zimesukana kwa karibu mno. Chini zinakuwa nene na legevu. Mashine za kupasua ngozi zikaja, na karne ya 19 viwanda vikaweza kutoa tabaka mbili au zaidi kwenye ngozi moja.

Tabaka la juu lisilosuguliwa ndilo imara kuliko yote. Dukani huandikwa "Full Grain". Tabaka la juu lililosuguliwa kwa msasa ili kuondoa makovu, kisha likapakwa rangi, huonekana safi zaidi lakini limepoteza sehemu ya nyuzi zile bora. Tabaka la chini hupakwa plastiki na kupigwa chapa ya vinyweleo bandia. Na mwisho kabisa kuna mabaki yaliyosagwa na kuungwa kwa gundi. Hayo ndiyo yanayobambuka, na ndiyo jibu kwa yule rafiki yangu wa pochi inayofanana na ukuta.

Muhuri wa "Genuine Leather" wenyewe hauwaambii ni tabaka lipi. Ni kama mtu akuuzie tarakilishi akisema tu kwamba ina kumbukumbu. Ndiyo, lakini kiasi gani?

Basi fanya hivi. Kwanza, tazama ukingo uliokatwa, mahali ambapo ngozi haijakunjwa. Ngozi halisi huonyesha nyuzi. Ya bandia huonyesha kitambaa chini na plastiki juu, kama mkate uliopakwa siagi. Pili, ikunje. Ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo isiyofanana, na ukiachilia inarudi. Plastiki hutoa mstari mmoja. Tatu, tazama vinyweleo. Vikipangika sawasawa kama vigae, ni mashine. Nne, inuse. Harufu ya plastiki na rangi haifichiki kwa urahisi. Lile jaribio la kuchoma kwa kiberiti acheni, mtagombana na mwenye duka bure.

Na usiikimbie ngozi yenye kovu dogo. Ng'ombe wetu wengi hulishwa porini. Huchomwa na miiba, huumwa na kupe, hupigwa chapa ya moto. Alama hizo hushusha daraja la ngozi sokoni, na ni hasara kwa mfugaji, lakini kwenye pochi kovu moja ni ushahidi kwamba uso wa ngozi haujasuguliwa. Ngozi ya mbuzi nayo msiidharau. Ni nyembamba na ina nguvu, inafaa sana kwa sehemu za ndani.

UZI

Pochi nyingi haziharibiki ngozi, huharibika mshono. Mashine ya kushona hutumia nyuzi mbili zinazokabana katikati ya kitambaa, mbinu iliyopewa hataza na Elias Howe mwaka 1846. Ni ya haraka, lakini uzi mmoja ukikatika, mishono ya jirani inaweza kufumuka. Mafundi wa matandiko ya farasi walitumia uzi mmoja wenye sindano mbili, kila sindano ikipita kwenye kila tundu kutoka upande wake. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika. Sisi tungesema mfumo una akiba: kifaa kimoja kikizimika, kingine kinaendelea.

Mshono wa mkono mara nyingi hulala mshazari kidogo, na fundi hatachoka kukueleza. Kama ni wa mashine, si dhambi. Tazama tu kwamba mishono imelingana, kwamba pembeni imerudiwa mara mbili au tatu, na kwamba hakuna uzi unaoning'inia. Mwisho, pitisha kidole ukingoni. Ukingo uliosuguliwa hadi kung'aa au uliokunjwa na kushonwa utadumu. Uliopakwa rangi nene tu utapasuka.

JE, BADO TUNAHITAJI POCHI?

M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo noti zimepungua mfukoni mwangu kila mwaka. Mwaka 2011 Google ikaita huduma yake ya malipo pochi. Safaricom nao wana Pochi la Biashara kwa wenye vibanda. Ajabu ni kwamba kitu kimeondoka na jina limebaki, sawa na vile simu bado ina alama ya bahasha kwa barua ambazo hakuna anayezitia stempu.

Mimi nafanya kazi kwenye mifumo hii na ninaipenda. Lakini nikisoma habari za kipande, naona tofauti moja inayonifanya niendelee kubeba ngozi. Pochi iliyo kwenye simu huandika: ulilipa nani, saa ngapi, ukiwa wapi. Rekodi hiyo unaibeba wewe, na anayeiandika na kuisoma ni mwingine. Sisemi kwamba ni kipande. Hakuna anayenifungia shingoni, na kuna sheria. Ninachosema ni kwamba swali ni lilelile la 1922: nani ana ruhusa ya kuandika, nani ana ruhusa ya kusoma? Sisi tunaounda mifumo hii ndio tunaolijibu, kila tunapoamua ni data gani ihifadhiwe na kwa muda gani.

Pochi ya ngozi haihifadhi chochote isipokuwa ulichokiweka wewe, na ukikitoa, kimetoka.

Kwa hivyo jibu langu kwa wale watatu ni hili. Kwa baba: tabaka la juu la ngozi ya magome, mshono wa mkono, nafasi chache, maana hana kadi nyingi na ataitunza. Kwa rafiki wa ukuta: ngozi ya kromiamu isiyosuguliwa, nyembamba, na safari hii atazame ukingo kabla ya kulipa. Kwa ndugu yangu mdogo: nenda Kariokor, umkute fundi akiwa kazini, uulize ngozi imetoka wapi, upatane naye kwa heshima. Na ukiwa pale, ujue jina la soko hilo limetoka wapi.

Kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo ya hifadhidata, naahidi.